Msiwapandishie taa wa mtoni joto bila kuwaongezea hewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongelee jambo ambalo najua sio wasomaji wote linawagusa, ila wale wanaofuga samaki ndani ya nyumba linawagusa sana tu. Naongelea taa wa mtoni, yule samaki bapa wa duara mwenye mwiba mkiani, ambaye siku hizi kila mwenye tangi kubwa anamtamani. Kuna ushauri unazunguka kwa wafugaji, unapokezwa mdomo kwa mdomo, unasema taa anapenda joto kwahiyo mpandishie hita mpaka nyuzi 30 au hata 32, atakula vizuri, atakua haraka na magonjwa hayatamkaribia. Mtu anausikia, anazungusha kitufe cha hita, anaenda kulala, alafu baada ya muda anaanza kuuliza mbona taa wangu anahema haraka haraka, mbona kakunja kingo za mwili, mbona kafa wakati maji yalikuwa ya joto kama nilivyoambiwa.

Mi nasema hivi, na nasema kwa uchungu kwasababu ni samaki ninaowapenda kuliko wote: joto ukiligusa umegusa kila kitu kingine ndani ya lile tangi. Umegusa hewa, umegusa sumu ya uchafu wao, umegusa tumbo lao, umegusa na filta. Sasa mtu anayekwambia pandisha joto bila kukwambia na hayo mengine amekupa nusu ya habari, na nusu hiyo peke yake inaua.

Tuanze na namba maana ndo watu wanaitaka. Taa wengi wanaofugwa, wa ukoo wa Potamotrygonidae, wanakaa vizuri kwenye nyuzi 25 mpaka 28 za Selsiasi, na ukiniuliza niweke ngapi nitakwambia 26 au 27 na uiache hapo hapo. Hawa ni samaki wa mito ya Amerika Kusini, Amazon, Orinoco, Paraná na mito inayoingia humo kama Rio Negro na Xingu. Ni kweli Amazon maji yake ni ya vuguvugu mwaka mzima na kuna sehemu yanafika nyuzi 29 au 30, na hapo ndo watu wanapotoa hoja yao. Lakini ule ni mto. Maji yanatembea, mengine mapya yanakuja nyuma yake, na taa akiona sehemu ina joto la kumkera anahama anaenda kwenye kina au kwenye kivuli cha miti. Kwenye tangi la kioo ataenda wapi? Alafu wapo wanaosahau kwamba taa huyohuyo anayeitwa Potamotrygon motoro, mwenye madoa ya duara ya rangi ya chungwa mgongoni, anapatikana pia kusini kwenye mto Paraná ambako maji hupoa msimu wa baridi, kwahiyo hadithi kwamba huyu samaki bila moto haishi haina ukweli.

Sasa hewa. Maji yakipata joto yanashika oksijeni kidogo zaidi, hiyo ni sheria ya maumbile wala haina mjadala. Kwenye nyuzi 20 maji matamu yaliyojaa hewa vizuri yanabeba karibu miligramu 9 za oksijeni kwa lita, kwenye 25 yanabeba kama 8.3, na yakifika 30 yamebaki na kama 7.5. Ukiangalia kwa haraka utasema tofauti ni ndogo, lakini angalia upande wa pili, mwili wa samaki hautengenezi joto lake wenyewe kama wetu, unafuata maji, maji yakipanda na mwili unaanza kufanya kazi kwa kasi zaidi, unachoma chakula kwa kasi, unadai oksijeni nyingi zaidi. Yaani mahitaji yanapanda muda uleule ambao akiba inashuka. Na sio samaki peke yake anayevuta hiyo hewa, bakteria wanaosafisha maji kwenye filta nao wanaivuta, mabaki ya chakula yanayooza nayo yanaivuta, na usiku kama una mimea nayo inavuta. Ndo maana vifo vingi vya kwenye maji moto vinatokea alfajiri.

Na taa ana mambo yake kwenye kupumua ambayo samaki wengine hawana. Mdomo na mashavu yake viko chini ya tumbo, kwahiyo akilala mchangani anavuta maji kupitia vitundu viwili vilivyo nyuma ya macho, yanapita ndani na kutokea chini. Vile vitundu utaviona vinafunguka na kufunga, na kwa mfugaji hiyo ndo saa yake ya ukutani (hakuna kipimo cha duka kinachokwambia ukweli mapema kama vile vitundu). Kaa umwangalie akiwa mzima, akiwa ametulia, ujue kasi yake ya kawaida. Siku ukiona vinapiga haraka na yeye hajatoka kukimbia wala kula, usisubiri, pima joto, pima amonia (ndo ile sumu ya uchafu wao), ongeza hewa kwanza maswali baadaye. Samaki anayekaa chini anaishi kwenye tabaka la maji ambalo mara nyingi ndo lina hewa kidogo kama mzunguko ni mbovu, kwahiyo sio kutupia jiwe la hewa kwenye kona na kuridhika na mapovu, kinachotakiwa ni maji ya juu yavurugike vizuri na yashuke mpaka chini. Bomba la kurudisha maji lielekeze lipige uso wa maji, na weka pampu nyingine ya kusukuma maji upande ulio mbali.

Amonia nayo ni habari ndefu ila nitajitahidi. Taa anakula sana na anachafua sana, anatoa amonia nyingi kuliko samaki wa kawaida wa ukubwa wake. Amonia ndani ya maji inakaa kwa sura mbili, moja haina madhara makubwa na nyingine ni sumu kali, na kinachoamua ngapi iwe ya sumu ni pH, yaani kipimo cha ukali wa tindikali ya maji, pamoja na joto. Kwenye pH 7 na nyuzi 25, sehemu ya sumu ni chini hata ya asilimia 1 ya amonia yote. Ukiwa na pH 8 kwenye nyuzi zilezile 25 inakuwa kama asilimia 5, na ukipandisha mpaka nyuzi 30 bila kugusa kitu kingine chochote inasogea kwenye asilimia 7 na zaidi. Yani maji yaleyale, uchafu uleule, ila sumu imeongezeka kwasababu tu umezungusha kitufe. Kwahiyo mwenye maji yenye pH ya juu ndo anatakiwa kuogopa zaidi huo ushauri wa nyuzi 30, na kwa bahati mbaya ndo anayepewa bila kuulizwa maji yake yakoje. Mi ningependa taa akae kwenye pH ya 6.5 mpaka 7.5, amonia na naitraiti (sumu nyingine inayotokea bakteria wa filta wakivunja amonia) zisome sifuri kabisa, sio karibu na sifuri, sifuri, na naitreti, ile inayobaki mwishoni, ikae chini kwa kubadilisha maji mara kwa mara. Na usimwingize kwenye tangi jipya. Filta inahitaji wiki kadhaa bakteria wajijenge, wiki 4 mpaka 6 kwa kawaida, na taa sio samaki wa kufanyia majaribio.

Upande wa baridi nao nisiuache maana kuna wengine wakisoma barua hii watazima hita kabisa. Maji yakishuka chini ya nyuzi 23 au 22 na kukaa hapo, taa anapunguza kula, tumbo linasaga taratibu, kinga ya mwili inashuka, na bakteria wa filta nao wanalegea kazi. Utaona anajilaza siku nzima hajali hata nyungunyungu ukimpitishia mbele ya pua. Kwahiyo hita inahitajika sehemu nyingi tu, sisemi usiwe nayo.

Kitu ninachotaka kukisisitiza zaidi ya hata namba yenyewe ni joto kutoyumba. Tangi linalokaa 25 mwaka mzima ni bora mara nyingi kuliko linalokwenda 24 usiku na 30 mchana. Kupanda na kushuka nyuzi moja kati ya usiku na mchana hakuna shida, hata mtoni inatokea. Lakini ukitaka kubadilisha joto kwa sababu yoyote ile fanya taratibu, nyuzi moja kwa masaa mengi, ikiwezekana nyuzi moja kwa siku, na kabla hujaanza kupandisha uwe umeshaongeza hewa.

Alafu thamometa. Watu wengi wanabandika ile ya karatasi kwenye kioo kwa juu, inasoma joto la kioo na chumba kuliko joto la maji, na taa mwenyewe yuko chini kabisa upande mwingine. Maji moto yanapanda juu, hilo kila mtu analijua jikoni, ila likifika kwenye tangi tunalisahau. Kwenye tangi kubwa lenye mzunguko dhaifu unaweza kukuta juu ni 27 na chini ni 25, na anayeishi chini ndo unayemfuga. Weka sensa ya thamometa chini, karibu na mchanga, upande ulio mbali na hita. Weka na thamometa ya pili ya aina nyingine uzilinganishe, maana hizi za bei rahisi zinaweza kudanganya kwa nyuzi nzima au mbili bila kuonyesha dalili yoyote. Kama zote mbili zinakubaliana, juu na chini, basi ujue mzunguko wako uko sawa.

Hita yenyewe sasa, na hapa naomba wasomaji wanivumilie maana ndo sehemu inayoniuma. Taa anapenda kujilaza juu ya vitu, anapanda kwenye kioo, anajibana kwenye kona, na hita iliyowekwa wazi ndani ya tangi atailalia. Ngozi ya tumbo lake ni laini haina magamba ya kumkinga, na samaki hawa mara nyingi hawaondoki mapema, unakuja kuona baadaye doa jeupe au jekundu la mstari tumboni, likishaingia bakteria linakuwa kidonda kinachokula nyama. Nimeona taa wazuri sana wakiharibika namna hiyo na wenyewe wakidhani ni ugonjwa umetoka dukani. Dawa yake ni rahisi mno, hita isikae alipo samaki. Kama una sampu, yaani tangi dogo la pembeni la kuchujia maji, chini ya tangi weka humo, sehemu ambayo maji hayapungui hata pampu ikizimwa, maana hita ikiachwa hewani inaungua au inapasuka. Kama huna sampu basi iwekee kizimba cha plastiki chenye matundu, isimame wima kwenye kona karibu na mkondo wa maji, na usitumie ya kioo kitupu kwa samaki mwenye nguvu ya kupiga mkia na kuivunja. Zipo za chuma cha titani ambazo hazivunjiki. Kila ukibadilisha maji chomoa hita kwanza, iache ipoe, ndo upunguze maji. Na umeme wa tangi upite kwenye kile kifaa kinachokata chenyewe ukivuja, kwa usalama wako na wake, kwasababu taa ana viungo vya kuhisi umeme mdogo sana ambavyo mtoni anavitumia kutafuta chakula kilichojificha kwenye mchanga.

Ukubwa wa hita nao watu wanaukosea kwa pande zote mbili. Kuna hesabu ndogo inayosaidia: kupandisha lita 1,000 za maji kwa nyuzi moja unahitaji nishati kama uniti 1.16 za umeme, kwahiyo hita ya wati 500 itachukua zaidi ya masaa mawili kupandisha nyuzi moja tu, na hapo hujatoa joto linalopotea kupitia kioo na uso wa maji. Ndo maana tangi kubwa ni salama, linapanda taratibu na linapoa taratibu. Sasa chukua tangi dogo la lita 300 uweke hita moja kubwa ya wati 1,000 ili iwahi, siku ile swichi yake ya ndani ikigandia kwenye kuwaka, na zinagandia jamani, maji yatapanda nyuzi moja kila dakika 20 hivi. Masaa mawili umeshapandisha zaidi ya nyuzi 5, ukirudi jioni umekuta supu. Kwahiyo badala ya hita moja kubwa weka mbili ndogo zinazogawana kazi, moja ikigandia haina nguvu ya kupika tangi zima haraka, moja ikifa nyingine inashikilia joto mpaka ugundue. Na juu yake weka kidhibiti joto cha nje chenye sensa yake, kinachokata umeme wa hita zote maji yakifika kwa mfano 28.5. Kwa mtu ambaye ameshanunua tangi la zaidi ya lita elfu, hicho ndo kifaa cha mwisho cha kubania pesa.

Kubadilisha maji. Taa anahitaji maji mengi mapya, wengi wetu tunabadilisha theluthi mpaka nusu ya tangi kila wiki, wengine mara mbili kwa wiki, na sipingi. Lakini fikiria tangi liko 27, unatoa nusu, unajaza maji ya bomba yenye nyuzi 18, unapata 22.5 kwa dakika chache. Samaki anakaa kimya siku mbili hali, mwenyewe anasema labda hapendi chakula. Maji mapya yawe ndani ya nyuzi moja au mbili za yale yaliyomo, yapashe kwenye pipa pembeni au changanya na ya moto, yatibiwe klorini kabla hayajaingia kwasababu taa na klorini hawapatani hata kidogo. Na kama maji yenu yanawekwa kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, kuyaacha pipani usiku kucha hakutoshi, hiyo haitoki kirahisi kama klorini, tumia dawa inayoivunja pamoja na kushughulikia amonia inayobaki.

Umeme ukikatika usikimbilie kwenye baridi. Tangi la lita elfu moja halitapoa kwa saa moja, kitakachoisha kwanza ni hewa, maana pampu zimesimama. Uwe na pampu ya hewa ya betri, iwashe mara moja, usilishe chochote mpaka umeme urudi, na baadaye sana kama chumba ni cha baridi ndo ufunike tangi na mablanketi kwa pembeni, juu uache pa kupumulia. Umeme ukirudi baada ya masaa mengi osha kidogo filta zile za kopo zilizofungwa kabla hujaziwasha, maji yaliyolala humo bila hewa yanakuwa mabaya na ukiyasukuma kwa mkupuo ndani ya tangi utawaumiza.

Na kipindi cha joto kali ambapo chumba chenyewe kinazidi nyuzi 30 shida ni kinyume chake. Feni ndogo ikipuliza juu ya uso wa maji inaweza kushusha nyuzi mbili au tatu kwa njia ya mvuke, maji yatapungua kwahiyo uwe unaongeza. Zima taa za umeme juu ya tangi mchana, fungua kifuniko uweke wavu (usiache wazi kabisa, samaki hawa wanaweza kupanda kwenye kioo mpaka nje), punguza chakula, ongeza hewa. Usimwage barafu. Chupa za maji yaliyoganda zinazoelea zinasaidia kwa dharura lakini zinashusha na kupandisha joto hovyo, na mi siziamini.

Nimesema chakula mara kadhaa, nimalizie hapo. Joto likiwa 26 au 27 mtoto wa taa anakula mara mbili mpaka tatu kwa siku, mkubwa mara moja inatosha. Nyungunyungu, kamba, kome, vipande vya minofu ya samaki, na baadaye vidonge vinavyozama ukimzoesha. Usimlishe aina moja ya samaki mbichi mwaka mzima, baadhi ya samaki na kamba wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Anayekonda utamwona kwa juu, nyonga karibu na mzizi wa mkia zinajichora, na hapo hali ni mbaya tayari. Hao wanaosema wapandishe joto wakue haraka, ni kweli anakula zaidi kwenye maji moto, ila anachoma zaidi pia na anachafua zaidi, sasa kama huongezi chakula na kubadilisha maji mara nyingi zaidi unamkondesha huku ukidhani unamkuza.

Tangi lenyewe nitaliongelea kwa ufupi. Upana na urefu wa sakafu ndo wa muhimu, kina sio sana. Motoro anazaliwa mdogo lakini mwili wake unaweza kuzidi nusu mita kwa upana bila kuhesabu mkia, kwahiyo tangi la mita 2.4 kwa sentimita 90 kwa kina cha 60, ambalo ni karibu lita 1,300, ndo naliona kama mwanzo wa heshima kwa mkubwa, na nikipata lenye upana wa mita 1.2 nitafurahi zaidi maana atageuka bila kukunja kingo. Chini weka mchanga laini wa sentimita 2 au 3, au usiweke kitu kabisa, kokoto na mawe yenye ncha hapana. Samaki wanaonyonya vioo usiwachanganye nao, wanakwenda kumnyonya ute mgongoni.

Sasa turudi kwenye ile imani ya joto kama dawa. Kuna magonjwa ya vimelea ambayo kwa samaki wa kawaida watu hupandisha joto mpaka 30 ili mzunguko wa kimelea uende haraka na dawa imkute. Inafanya kazi, sikatai, ila kwa taa anayehema tayari unamwongezea mzigo, kwahiyo kama lazima ufanye hivyo basi hewa iwe maradufu na usimwache peke yake. Dawa zenye shaba usizikaribishe kabisa. Na chumvi nyingi ya kwenda kwa kukisia nayo uache, watu wanadhani kwakuwa jamaa zake wako baharini basi chumvi ni nyumbani kwao. Taa wa bahari wanatunza urea mwilini ili walingane na maji ya chumvi, hawa wa mtoni wa Amerika Kusini walishapoteza uwezo huo zamani sana, hawawezi kurudi baharini hata ukiwapeleka taratibu. Mara nyingi taa anayeonekana mgonjwa anachohitaji ni maji mazuri, mabadiliko ya nusu tangi kwa joto sahihi, na utulivu. Kingo za mwili zikianza kujikunja juu, hiyo ni dalili mbaya sana, pima maji dakika hiyohiyo.

Kuhusu mwiba, maana wanafamilia wasio wafugaji nao wanasoma gazeti. Usimkate mwiba, unaanguka na kuota mwingine wenyewe, na sio sababu ya kumwogopa kama unaheshimu mkono wako unakwenda wapi. Usimshike kwa mkono wala kwa wavu laini unaonasa mwiba, mwongoze aingie kwenye chombo pamoja na maji. Akikuchoma, sumu yake inavunjwa na joto, weka mkono au mguu kwenye maji ya moto kadri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kama nyuzi 40 mpaka 45, kwa nusu saa mpaka saa moja na nusu, na yajaribu kwanza kwa mkono ambao haujachomwa kwasababu ule wenye maumivu hautakwambia kama unaungua. Alafu nenda hospitali hata kama maumivu yameisha, kipande cha mwiba kinaweza kubaki ndani, kuna pepopunda na kuna vidonda vinavyooza.

Kwa anayetaka kununua, naomba afike dukani na thamometa yake mwenyewe, apime maji aliyomo taa, aombe huyo taa alishwe mbele yake, amwangalie tumbo kwenye kioo kama kuna michubuko ya hita. Aulize pia ametoka wapi. Wengine wanazalishwa kwenye matangi, wanazaa watoto hai baada ya miezi kama mitatu hivi, kwahiyo hakuna ulazima wa kununua aliyevuliwa mtoni. Mwaka 2022 kwenye mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama aina saba za Potamotrygon ziliwekwa kwenye Kiambatisho cha Pili, akiwemo Potamotrygon leopoldi, yule mweusi wa madoa meupe anayetoka bonde la mto Xingu nchini Brazil, na maana yake biashara yake ya kuvuka mipaka inahitaji vibali. Muuzaji asiyekuwa na karatasi za huyo mwache na samaki wake.

Siku ya kumleta nyumbani mfuko uelee juu ya maji mpaka joto lilingane, kama nusu saa hivi. Kama amesafiri masaa mengi, ukishaufungua usimwache humo kwa masaa ukidondosha maji tone tone, maana hewa chafu ikitoka pH ya maji ya mfuko inapanda na amonia aliyoitoa njiani inageuka sumu akiwa bado yumo. Mhamishe na maji ya mfuko yamwagwe nje ya tangi, zima taa za umeme, usimlishe siku hiyo. Kesho yake mpe nyungunyungu mmoja.

Wako,
Msomaji na mfugaji wa taa